VUMBI LA BREKI KATIKA MAGURUDUMU: NAMNA YA KULIOSHA NA FAIDA YA KULICHUNGUZA



Katika ukurasa huu wa Kiswahili tumezoea kusoma habari za kilimo, za afya, na za michezo. Leo nataka kuwaletea somo dogo juu ya kitu ambacho sote tunakiona kila siku, lakini ni wachache wanaouliza habari zake. Nacho ni ule unga mweusi unaoshika magurudumu ya motokaa, hasa magurudumu ya mbele.

Kwa muda wa miaka miwili sasa, mimi na wenzangu wawili tumepewa kazi ya kuosha gari la shule kila Jumamosi asubuhi. Wale wanaopalilia bustani hutucheka, husema kwamba wao wanatafuta chakula na sisi tunatafuta urembo. Mimi siwalaumu, maana gari linalong'aa haliendi mbio kuliko gari chafu. Lakini nataka kuonyesha kwamba mtu aoshaye magurudumu kwa uangalifu ndiye wa kwanza kujua kama breki za gari ni nzima au zina ugonjwa. Jambo hilo si urembo.

Ninyi mnaoijua njia yetu mtanielewa upesi. Shule yetu iko katika nchi ya juu ya Burundi, upande wa mashariki wa mgongo wa milima. Gari likienda Bujumbura kuleta unga, vitabu, au kumpeleka mgonjwa hospitali, sharti lipite Bugarama, mahali palipo juu ya bahari kiasi cha meta 2,200. Kutoka hapo hushuka mpaka kando ya Ziwa Tanganyika, mahali penye meta 800 hivi. Mteremko wote huo, wa meta 1,400, umo katika safari isiyofika kilometa 40, tena yenye kona nyingi. Katika njia hiyo hiyo wamo akina mama wenye vikapu, watoto wa shule, na vijana wa baiskeli wenye mikungu ya ndizi. Gari lisilo na breki hapo si hatari kwa waliomo ndani peke yao.

VUMBI HILI LATOKA WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba ni vumbi la barabarani. Sivyo. Vumbi la barabara zetu ni jekundu, na likimwagiwa maji huondoka. Unga huu ni mweusi au wa kijivu, nao hung'ang'ania.

Katika gurudumu la mbele la magari mengi ya siku hizi imo sahani ya chuma cha kusubu, iitwayo diski, inayozunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga breki, vipande viwili vigumu viitwavyo pedi huibana sahani hiyo, kimoja upande huu na kimoja upande huu. Msuguano ndio unaosimamisha gari. Lakini vitu viwili vikisuguana, vyote viwili hulika. Chembe za chuma hutoka katika diski, na katika pedi hutoka chembe za chuma pia, za kaboni, za gundi ya kiwandani, na za madini mengine yaliyochanganywa humo. Mchanganyiko huo ndio vumbi letu.

Fundisho hili waweza kulihakikisha mwenyewe. Baada ya kuosha magurudumu, acha ndoo itulie, kisha mwaga maji polepole mpaka yabaki matope meusi chini. Chukua sumaku ya maabara, ifunge ndani ya karatasi ya nailoni, uipitishe katika matope hayo. Utaona chembe zimeifuata sumaku na kusimama kama manyoya. Hicho ni chuma.

Huenda msomaji akauliza, Mbona magurudumu ya mbele huchafuka kuliko ya nyuma? Sababu ni kwamba gari likifungwa breki, uzito wake huegemea mbele, kama vile abiria wanavyoinama mbele basi likisimama ghafula. Kwa hiyo breki za mbele hufanya zaidi ya nusu ya kazi yote.

Wazee wengine husema kwamba magari ya ujanani mwao hayakuwa na uchafu huu. Husema kweli. Magari ya zamani yalikuwa na breki za ngoma, yaani vipande viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo vikisukumwa kugusa ngoma ya chuma kwa ndani. Vumbi lilikuwapo, lakini lilifungiwa ndani ya ngoma. Breki ya diski iliandikishwa kuwa uvumbuzi na Mwingereza Frederick Lanchester mwaka 1902, lakini haikuenea kwa miaka mingi. Mwaka 1953 gari la Jaguar lenye breki za diski lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, huko Ufaransa, na mwaka 1955 Citroën DS ilianza kuuzwa ikiwa na diski mbele. Diski hupoa upesi kwa sababu iko wazi kwa upepo. Lakini mlango unaoingiza upepo ndio unaotoa vumbi.

KWA NINI LISIACHWE?

Kwanza, vumbi hili hutoka likiwa la moto, na chembe zake zina ncha kali. Hujichomeka katika rangi ya rimu. Zikipata umande au mvua, chembe za chuma hushika kutu, na kutu hiyo huila rangi ya juu. Ndipo mtu aonapo madoa madogo ya rangi ya machungwa yasiyotoka kwa sabuni. Rangi ikisha kupasuka, maji huingia chini yake, na rimu ya alumini huanza kutoka mabaka meupe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na rimu ni ghali.

Pili, vumbi hili si zuri kwa pumzi ya mtu. Sehemu kubwa ya chembe zake ni ndogo kuliko sehemu ya mia ya milimita, hata huweza kuingia kifuani. Tena zamani pedi nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, nayo asbesto huleta kansa ya mapafu. Nchi nyingi zimeikataza. Marekani ilitoa amri mwaka 2024 ya kukomesha asbesto iliyokuwa bado inatumika, pamoja na ile ya breki za magari zinazouzwa dukani. Lakini anayeosha gari la zamani, au lililotiwa vipuri asivyovijua vilikotoka, hana njia ya kutambua kwa macho kama vumbi lina asbesto au halina. Kwa hiyo achukue kila vumbi la breki kuwa la hatari. Asilipulize kwa mdomo, asilipige kwa pampu ya upepo, wala asilifute likiwa kavu. Alilowanishe kwanza. Kanuni hii naomba kila msomaji aishike hata kama atasahau mengine yote.

NAMNA YA KUOSHA

1. Ngoja gari lipoe. Likirudi safarini, liache kivulini kwa muda wa saa moja. Diski iliyo moto sana ikimwagiwa maji baridi yaweza kupindika, na sabuni hukaukia juu ya rimu yenye joto ikaacha madoa.

2. Anza na magurudumu kabla ya mwili wa gari. Ukianza na mwili, utaurushia matope meusi baada ya kuusafisha.

3. Uwe na ndoo na dodoki la magurudumu peke yake. Usilitumie dodoki hilo katika milango au kioo, maana lina chembe za chuma ndani yake nalo litachora rangi.

4. Mwaga maji mengi kwa upole kutoka juu kwenda chini, mpaka vumbi lote limelowana. Yaache dakika chache.

5. Osha kwa maji ya sabuni laini, gurudumu moja moja. Tumia dodoki kwa sehemu pana, na mswaki wa zamani kwa pembe na mashimo ya nati. Usisahau upande wa ndani wa rimu, ambako vumbi ni jingi kuliko nje. Hapo sharti upige magoti na kuingiza mkono. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

6. Suuza kabla sabuni haijakauka, kisha kausha kwa kitambaa.

7. Usitumie mchanga, majivu, wala sufi ya chuma, maana huchubua rangi. Asidi ya betri isikaribie kabisa: yachoma ngozi na macho, na yala alumini. Katika miji mikubwa huuzwa dawa maalumu ya kuyeyusha chembe za chuma, ambayo hugeuka rangi ya zambarau ikigusa chuma na kunuka kama yai bovu. Ni nzuri kwa madoa yaliyokomaa, lakini yataka glavu na mahali penye upepo. Anayeosha kila juma haihitaji.

8. Rimu ikisha kukauka, waweza kuipaka nta ya motokaa kidogo na kuifuta. Vumbi jipya halitashika sana. Lakini angalia: nta, oili, mafuta ya taa, au kitu chochote chenye utelezi kisiguse diski wala pedi. Breki yenye mafuta haishiki.

9. Mwisho, dereva aendeshe gari polepole uwanjani na kukanyaga breki mara kadhaa ili diski zikauke. Asiondoke na diski zenye maji kwenda moja kwa moja mlimani. Akiona kutu nyembamba juu ya diski baada ya kuosha asiogope, maana huondoka katika kukanyaga mara chache.

KULICHUNGUZA VUMBI

Sasa tumefika katika kiini cha somo. Kabla ya kumwaga maji, zunguka gari lote ukitazama. Linganisha gurudumu la kushoto na la kulia, la mbele kwa la mbele na la nyuma kwa la nyuma. Mambo haya yafuatayo yana maana.

Vumbi likiwa sawasawa pande zote mbili, ni dalili njema.

Gurudumu moja likiwa na vumbi jingi kuliko mwenzake, huenda pedi zake haziachii diski baada ya dereva kuinua mguu. Mara nyingi pistoni inayosukuma pedi imekwama kwa kutu au uchafu. Gurudumu la namna hiyo huwa pia na joto kuliko mwenzake baada ya safari.

Gurudumu moja likiwa safi mno na mwenzake limechafuka kama kawaida, usilisifu. Yawezekana breki yake haifanyi kazi kabisa.

Uchafu ukiwa wa majimaji na wenye kunata, hilo si vumbi tu. Huenda mafuta ya breki yanavuja, au grisi imetoka mahali pake. Gari lisiende safari mpaka fundi amelitazama.

Vumbi likiwa na chembe kubwa zinazometameta, tena breki zikikwaruza kwa sauti, pedi zimekwisha na chuma kinasaga chuma.

Nitatoa mfano mmoja. Muhula uliopita, Jumamosi moja, tuliona gurudumu la mbele la kushoto limekuwa jeusi kama chungu cha jikoni, na la kulia ni la kijivu kama siku zote. Juma lililotangulia yalikuwa sawa. Tulimwambia dereva, naye hakutudharau. Alimwita fundi, na fundi alipofungua aliikuta pistoni imekwama na pedi moja imebaki nyembamba kama ganda la daftari. Gari lilikuwa limepangiwa kwenda Bujumbura Jumatatu na wanafunzi sita waliokuwa na miadi ya kupimwa macho. Lilikwenda siku ya Alhamisi, likiwa na pedi mpya pande zote mbili, maana fundi alitufundisha kwamba pedi za mbele hubadilishwa kushoto na kulia pamoja. Tangu siku hiyo dereva hutuuliza kila Jumamosi, "Vijana, leo magurudumu yanasemaje?"

KUPUNGUZA VUMBI

Dawa bora ya vumbi la breki ni kutumia breki kwa akili. Wenzangu wa fizikia na wapime wenyewe. Gari lenye kilo 2,000 pamoja na mizigo yake, likishuka meta 1,400, lina nguvu ya kuondolewa kiasi cha 2,000 × 9.8 × 1,400, yaani zaidi ya jouli milioni 27. Joto hilo latosha kuchukua madebe manne ya maji, ya lita 20 kila moja, kutoka digrii 20 mpaka digrii 100. Sehemu moja huchukuliwa na upepo na msuguano wa tairi. Iliyobaki sharti iende katika injini au katika breki.

Dereva mwenye busara hutia gia ndogo tangu mwanzo wa mteremko, injini ikamzuia, na breki huzitumia kwa vipindi. Dereva mwenye haraka huweka gia kubwa na kukanyaga breki mfululizo. Hapo pedi hupata moto mno na kupoteza nguvu ya kushika. Hata mafuta ya breki yaweza kuchemka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya sharti yastahimili digrii 205, lakini yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, na yakisha kunyonya kiasi fulani kipimo chake ni digrii 140 tu. Yakichemka hufanya mapovu, na mguu wa dereva huzama mpaka chini bila gari kushikwa. Basi gari lirudipo na magurudumu meusi sana baada ya safari moja tu, nalo ni zima, tatizo huenda ni mguu wa dereva. Magurudumu humshuhudia.

MAJI MACHAFU YAENDE WAPI?

Msioshee magari mtoni. Mgongo wa Bugarama huyagawa maji ya nchi yetu. Yale ya upande wa magharibi huteremka Ziwa Tanganyika, na mwisho huingia mto Kongo. Yale ya upande wetu huingia Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Victoria, na mwisho Nile. Kwa hiyo ndoo moja ya matope yetu ina majirani wengi. Mji wa Bujumbura hunywa maji ya ziwa lile lile linalopokea mito ya mjini.

Jambo hili limewashughulisha wakubwa pia. Shaba iliyomo katika pedi hudhuru viumbe wa majini, na kwa sababu hiyo jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2010 ya kuipunguza, hata kuanzia mwaka 2025 pedi mpya zinazouzwa huko zisizidi nusu ya asilimia moja ya shaba kwa uzito. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 sheria iitwayo Euro 7, ambayo kwa mara ya kwanza imeweka mpaka wa vumbi la breki: kwa motokaa nyingi miligramu 7 kwa kila kilometa, na kwa zile za umeme mtupu miligramu 3. Zile za umeme zapewa kipimo kidogo kwa sababu mota yake yenyewe hulipunguza gari mwendo, na pedi hupumzika.

Sisi hatuna mitambo ya kupima miligramu. Lakini twaweza kuosha juu ya majani au changarawe, mbali na kisima na mfereji, ili maji yazame ardhini na chuma kibaki hapo. Matope ya chini ya ndoo tuyafukie shimoni.

Wakubwa wetu, wengi wenu sasa mna magari, na wengine mmeajiriwa kuyaendesha. Huenda mnamlipa kijana wa mtaani ayaoshe. Mlipeni kwa haki, lakini kabla hajamwaga maji, zungukeni gari ninyi wenyewe, mtazame magurudumu manne. Ni kazi ya dakika mbili.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini breki za ngoma hazichafui rimu kama breki za diski?
2. Gurudumu la mbele la kulia ni safi kabisa, na la kushoto lina vumbi la kawaida. Utamwambia nini dereva?
3. Kwa nini haifai kulifuta vumbi la breki likiwa kavu?
4. Gari la kilo 1,500 lashuka meta 600. Pima nguvu yake kwa jouli, kisha useme yatosha kuchemsha lita ngapi za maji ya digrii 20.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Mwisho